Beseni, Mwambie

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Nimerudi kazini. Arusi imekwisha, miguu imevimba, masikio bado yanavuma vigelegele. Wodi ya wazazi imejaa. Wawili wamejifungua salama kabla ya chai. Uji wa wagonjwa umeungua tena na mpishi anasema ni kuni. Kila siku ni kuni.

Binti yangu Roza amekwenda kwa mumewe. Kitanda chake kitupu na nyumba yangu hapa Manundu imekuwa kubwa ghafla. Mume mwenyewe ni dresa wetu wa nusukaputi, yule anayewalaza wagonjwa kwa etha kabla Bwana Daktari hajashika kisu. Tumefanya kazi meza moja miaka mingi. Nimemfokea, naye amenijibu, kisha tumekunywa chai ya birika moja. Sasa ni mkwe wangu. Jina lake siliandiki tena, hata humu ambamo hakuna asomaye ila mimi. Mama yangu angefufuka.

Kwetu Sindeni mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Hawasemezani, hawapishani mlangoni, hawatajani majina. Mpaka mtoto wa kwanza azaliwe, ndipo mambo hulegea kidogo. Nimesoma, nimebatizwa, nimevaa viatu vya nesi, na leo tulipokutana barazani yeye aligeukia ukuta na mimi nikajifanya natafuta pini sakafuni. Maganga alituona akacheka mpaka akashika mbavu. Huyu ni dresa wa vyombo vya kupasulia, Mnyamwezi, yaani mtani wetu sisi Wazigua, na mtani hafungwi mdomo. Jumamosi alimkamata kuku wa arusi akagoma kumwachia mpaka shangazi zangu walipombembeleza.

Jumatano, 5 Agosti

Zaina amefika na lori la Handeni. Vumbi mpaka kwenye kope. Ni mtoto wa jirani zetu wa Sindeni, namjua tangu utotoni, alipoanguka kutoka juu ya mkwaju na nyonga ikaunga vibaya. Anachechemea. Mimba mbili amezibeba mpaka mwisho, na watoto wote wawili walikwama wakafa. Hii ya tatu Bwana Daktari amesema asithubutu kuisukuma. Uchungu ukianza tu, apasuliwe.

Kwa hiyo atasubiri kwangu, katika kitanda cha Roza. Mumewe amebaki kulinda shamba. Kabla lori halijaondoka alimwambia neno moja: nakutaka wewe urudi, mtoto Mungu akipenda. Zaina amenieleza hilo huku akimenya muhogo, bila kunitazama. Nimempenda huyo mume ingawa nilimwona mara moja tu, na siku hiyo nilimwona mjinga.

Kisha akaniuliza kama nitakuwemo chumbani siku yake. Nimemwambia nitakuwemo. Nani mwingine?

Ijumaa, 7 Agosti

Tumempasua mzee mwenye ngiri. Nesi wa wodi ya wanaume anaumwa, nikaingia mimi. Nilisimama miguuni kwa mgonjwa, mgongo umegeukia kichwani alikokaa mkwe. Akihitaji kitu alimwambia Maganga, Maganga akaniambia mimi. Maganga analalamika kwamba tumemgeuza tarishi na kwamba tarishi huvalishwa kofia. Tulicheka sote, kila mtu upande wake.

Inawezekana basi. Nilikuwa na hofu ya bure.

Jumanne, 11 Agosti

Siku mbaya. Naandika kwa sababu sijui la kufanya na mikono yangu.

Mchana lori la mkonge kutoka Ngombezi lilimleta mwanamke anayeitwa Nyamizi, mke wa manamba mmoja, kibarua wa kambi ya mkonge. Mtoto amelala kikingama, mkono umetangulia nje. Apasuliwe haraka. Haraka hiyo ndiyo iliyotuumbua. Hakukuwa na nafasi ya kupanga nani asimame wapi. Nikajikuta ubavuni mwa mgonjwa, taulo la mtoto mikononi, na mkwe yuko kichwani, uso kwa uso nami. Yeye akageuza shingo akatazama dirisha, huku akidondosha etha kwa mazoea kwenye kitambaa kilichomfunika mgonjwa pua. Mimi nikainamisha macho.

Macho yangu yakaangukia mkono wa mgonjwa. Kucha zimekuwa za zambarau. Nikajua. Amelazwa kupita kiasi, pumzi inakatika. Maneno mawili tu yalihitajika: ondoa etha. Nilifungua mdomo nyuma ya kitambaa changu na sauti haikutoka. Nikamtazama Maganga. Mikono yake imejaa vyombo, macho yako tumboni kwa mgonjwa. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Mimi, niliyewafokea waume za watu wilaya nzima.

Bwana Daktari ndiye aliyeona damu imekuwa nyeusi. Akapiga kelele. Mkwe akageuka, akaona, akatupa kile kitambaa cha etha, akainua taya la mgonjwa na kuanza kumsukuma kifua. Daktari akaacha kazi ya tumboni ili amsaidie. Nyamizi akarudi. Lakini mtoto alikuwa bado ndani, na alipotoka alikuwa mlegevu. Nilimvuta makamasi kwa mpira, nikampuliza, nikamsugua mgongo kwa taulo. Msichana. Hakulia.

Niliendelea kumsugua mpaka Maganga akanishika mkono.

Jumatano, 12 Agosti

Tumemzika mtoto kwenye makaburi ya kambi, Ngombezi. Nilikwenda kwa kuwa wazazi ni Wanyamwezi, na kwao sisi ni watani. Mtani hasusi msiba. Nilifagia uwanja, nilichota maji, nilifanya yote ya mtani isipokuwa mzaha. Sikuwa nao.

Maganga alikuwa nao. Mbele ya watu wote, jembe mkononi, alisema, "Wazigua nyie, mna adabu mpaka mnaua nayo. Mtani wangu huyu aliona kila kitu. Akakohoa!" Watu wakacheka, kwa kuwa aliyesema ni mtani na ndivyo msiba unavyotakiwa kuchangamshwa. Mimi pia nilicheka, maana mtani hakasirikiwi. Baba wa mtoto naye alitabasamu, maskini, akanipa jembe nitie udongo wangu. Sijui kama alielewa. Sikuwa na ujasiri wa kumwuliza.

Njiani kurudi Maganga hakutania. Aliniambia kwamba aliniona kwa pembe ya jicho, akadhani nimepaliwa, na baadaye tu ndipo akaelewa.

Alhamisi, 13 Agosti

Bwana Daktari ametuita. Kiswahili chake kina amri nyingi na salamu chache. Alitaka kujua nani alikuwa amelala. Mkwe alisema kosa ni lake, chupa ya etha ilikuwa mkononi mwake. Ni kweli. Lakini mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kabati la dawa ili tusionane, na nikamwacha aubebe mzigo peke yake. Daktari anasema atampeleka Handeni kwenye dispensari akafunge vidonda, mara tu mtu mwingine wa nusukaputi atakapopatikana Tanga. Huyo mtu hatafika kabla ya siku ya Zaina. Siku hiyo tutakuwa sisi hawahawa.

Zaina amesikia. Manundu hakuna siri. Nilimkuta amefunga kanga zake furushi, anangoja lori la kurudi Sindeni. Afadhali afe karibu na mumewe, anasema. Nilimkalisha. Nikamwambia yote, hata kukohoa kwangu. Akaniuliza:

"Mama Roza, na siku yangu utakohoa?"

Nikaenda kukoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa. Furushi hakulifungua, ila chakula alikula.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimewaza kutwa nzima. Nimempima mgonjwa mmoja joto mara mbili kwa kutokuwa na akili.

Kosa si etha peke yake. Mkwe anaijua kazi yake. Daktari anaijua yake. Nami naijua yangu, na ningempiga kibao anayebisha. Lakini hakuna aliyemfungulia mwenzake mdomo. Na si ukwe tu. Maganga hamwambii Daktari anapokosea, kwa kuwa ni Mzungu. Daktari hatuulizi kitu, kwa kuwa ni Daktari. Mimi haniambii mtu kitu, kwa kuwa nina ulimi. Tumefanya hivi miaka yote na tukajiita hodari. Ukwe umekuja tu kutuvua nguo.

Asubuhi nilijaribu kulitamka jina lake jikoni, peke yangu, mbele ya sufuria. Nikaona haya mpaka masikio yakachoma. Zaina akauliza naongea na nani.

Kisha jioni nikamkumbuka bibi mzaa mama. Alikuwa na mkwe aliyeishi ua wa pili. Mbuzi wakiingia kwenye mahindi, bibi hakumwita. Alikigeukia kinu. Ewe kinu, mwambie anayechonga mpini kwamba mbuzi wamo shambani. Naye mkwe alijibu, vilevile kwa kinu: kinu, nimesikia, nakwenda. Hakuna aliyevunja heshima, na mahindi yakapona. Nilikuwa mdogo. Nilidhani kinu kina masikio.

Jumamosi, 15 Agosti

Nimemweleza Maganga habari ya kinu. Alicheka, kama nilivyotazamia, akasema Wazigua ni watu wa kuongea na vyombo tangu zamani, ndiyo maana babu zake wapagazi, wakienda pwani na misafara, waliwapita bila kuwaona. Akaenda stoo akarudi na beseni la enameli, jeupe, lililobabuka ukingoni. Halitumiki tena kwa sababu ya kutu. Kinu hakiingii chumba cha upasuaji, alisema, lakini hili linaingia.

Nilimtuma Roza kwa mumewe. Sikujua kama angekubali. Mkwe alikuja mchana, wodi zikiwa zimepoa. Tukaliweka beseni juu ya kigoda kati yetu. Mgonjwa wetu alikuwa gunia la pamba limelazwa mezani.

Mwanzo ilikuwa aibu tupu. Nilisema, "Beseni, mwambie mwenye chupa..." nikakwama hapohapo. Maganga akajibu kwa sauti nyembamba ya beseni kwamba linasubiri na lina njaa. Mkwe akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu arusi. Nikasema tena, safari hii mpaka mwisho: kucha za mgonjwa zinageuka. Kisha nikasikia, "Beseni, nimesikia. Naondoa."

Nilikaribia kulia kwa ajili ya gunia la pamba.

Jumatatu, 17 Agosti

Bwana Daktari ametukuta. Watu wazima watatu, gunia mezani, wanazungumza na beseni lenye kutu. Alifikiri ni uganga. Alisema katika chumba chake hataki dawa za kienyeji. Maganga akaeleza. Akaeleza ukwe, akaeleza kinu, na bila kutania hata mara moja, jambo lililonitisha.

Nikaona zamu yangu imefika, na kama si leo basi tena. Sikumtazama mtu. Nikasema, "Beseni, mwambie Bwana Daktari kwamba siku ile mimi niliona kucha mapema. Nikanyamaza. Asimpeleke mtu Handeni kwa kosa la watu wawili."

Daktari alivuta kigoda kingine akakaa. Hajawahi kukaa mbele yetu. Alisema wakati wa vita alikuwa merikebuni, na huko kila amri ilirudiwa kwa sauti na aliyepokea, hata awe nani, ili ijulikane kwamba imefika. Hapa hakuwahi kuifikiria. Akalitazama beseni. "Na mimi naweza sema na hii?" Maganga akamjibu kwamba beseni halina cheo.

Alhamisi, 20 Agosti

Mkata mkonge, vidole viwili vimesagwa na mashine ya kiwandani. Beseni kwenye kigoda. Kabla ya kisu kila mtu analiambia kazi yake, na kama ana neno analisema. Mkwe akasema, beseni, huyu bwana amekula ugali sasa hivi njiani, nikimlaza atatapika na kupaliwa. Daktari alikuwa tayari amevaa glavu. Akakunja uso. Zamani angesema endelea, na mkwe angeendelea. Leo akavua glavu, mkono ukafungwa kitambaa, tukangoja.

Mgonjwa akatuuliza tunaongea na nani. Maganga akamwambia ni bwana mkubwa kutoka Tanga.

Jumapili, 23 Agosti

Baada ya kanisa nilimpitisha Zaina hospitali. Aliomba kuliona. Alisimama mbele ya beseni akaligusa pale lilipobabuka, akasema, "Ndilo hili?" Nikasema ndilo. Akacheka mpaka akashika tumbo, na nikamwambia aache, asije akaanzisha uchungu Jumapili.

Nyumbani amelifungua furushi. Kanga zake amezitundika kwenye kamba ya Roza. Ninaogopa kuliko yeye.

Jumanne, 25 Agosti

Uchungu ulianza asubuhi nikipika uji. Tulitembea mpaka hospitali, yeye amenishika bega, tukisimama kila maumivu yalipokuja. Hakupiga kelele. Mlangoni aliniambia, "Leo usikohoe."

Beseni kwenye kigoda, kati yangu na mkwe. Kila mtu akasema lake. Maganga: mimi mwenye vyombo, mtani wa wajinga wawili. Daktari: mimi nitakata. Mkwe: mimi nalinda pumzi, na mama huyu hajala kitu tangu jana. Mimi: nampokea mtoto, nahesabu vitambaa. Sauti yangu ilitoka nyembamba lakini ilitoka.

Etha. Harufu ileile ya Jumanne ile. Mkono wa Zaina niliuacha wazi ubavuni niuone. Daktari akakata. Nilikuwa nazitazama kucha tu, sikutazama kitu kingine duniani. Zikaanza kubadilika, kidogo sana, kama doa la wino kwenye maji. Nikasema. "Beseni, mwambie mwenye chupa, kucha zinageuka." Sauti ikanijibu kabla sijavuta pumzi. "Beseni, nimesikia. Naondoa." Nikaona kitambaa cha etha kinanyanyuka, taya linavutwa mbele. Daktari hakuacha kazi yake, hakuinua hata kichwa, alijua mambo yako mikononi mwa mwenyewe. Rangi ikarudi. "Beseni, zimerudi." Ikawa basi. Nyamizi alihitaji hili tu. Binti yake alihitaji hili tu.

Mtoto akatoka. Mvulana. Alilia kabla sijamtia mpira mdomoni, kilio cha hasira, kilio cha Sindeni. Nikamfuta kwa taulo lake dogo, nikamfunga kanga, nikamlaza kwenye kikapu. Nikarudi mezani natokwa machozi na sioni haya kuandika hivyo.

Damu ilikuwa nyingi kwa muda. Daktari alijaza vitambaa vikubwa vya kukausha, akashona mji wa mimba, akavitoa kimoja kimoja, nami nikavipanga na kuvihesabu. Akauliza, "Beseni, vitambaa?" Nikasema, "Beseni, vimetimia." Nilisema kwa sauti ya ushindi. Akachukua sindano ili afunge tumbo.

Kisha kichwani kwa mgonjwa mtu akakohoa.

Akakohoa tena. Ndipo sauti ikaja, chini chini. "Beseni, mwambie anayehesabu... kitambaa kimoja kiliingia upande wangu huku, chini ya mbavu. Sijakiona kikitoka."

Hasira ilinipanda mpaka macho yakaona giza. Mimi? Mimi nilihesabu vitambaa vya hospitali hii yeye akiwa bado anapeleka mbuzi malishoni. Mkwe wangu, mbele ya Daktari, anasema sijui kuhesabu. Maganga aliganda, chombo hewani. Jibu lilikuwa tayari ulimini, na lilikuwa kali. Nikalitazama beseni. Nikainama nikahesabu upya.

Katikati ya vile vyenye damu kulikuwa na taulo dogo la mtoto. Nilikuwa nimelihesabu kama kitambaa.

"Beseni," nikasema, "kimepungua kimoja."

Daktari aliweka sindano chini, akaingiza mkono kule juu chini ya mbavu, akapapasa. Akakivuta. Kimelowa, kimekunjamana, cheusi, urefu wa mkono mzima. Akaniletea mwenyewe kwenye safu yangu. Akashona. Mwisho kabisa Maganga akasema, beseni, Mungu mkubwa, Wazigua wamejifunza kuongea.

Jumatano, 26 Agosti

Zaina ameamka vizuri. Mtoto ananyonya. Bwana Daktari amepita wodini mara tatu na mara zote alisalimia.

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Kitambaa kile kingebaki, tumbo lingeoza. Angerudi Sindeni na mtoto mgongoni, angekufa kabla ya mvua, nasi huku tungesema ni homa. Mumewe angetuamini. Nilifikiri tumeweka beseni ili mkwe anisikie mimi. Haikunijia hata siku moja kwamba ni mimi nitakayesemwa. Na alikohoa kwanza. Kile kikohozi nakijua kilivyo ndani ya koo.

Jumatatu, 31 Agosti

Nimekwenda Ngombezi kumtazama Nyamizi. Jeraha limefunga. Nilimwambia yeye na mumewe kwamba niliona nikanyamaza, bila mzaha wa utani, kwa maneno ya kawaida. Mume alikuwa ameelewa tangu siku ya mazishi. Nyamizi alilia. Mimi pia. Hawakuniambia nimesamehewa na sikuomba. Wakati wa kuondoka Nyamizi alinisindikiza mpaka mwisho wa nyumba za kambi, kisha akarudi bila kuniaga.

Jumamosi, 26 Septemba

Zaina ameondoka na lori la asubuhi. Mumewe alikuja kumchukua. Kumbe si mjinga, ni mwoga wa maneno tu. Alinipa shikamoo nyingi kuliko zinazohitajika, akamshika mtoto kama mtu aliyekabidhiwa mayai. Wamemwita jina la babu yake. Maganga anamwita Beseni, na naona hilo ndilo litakalobaki.

Habari ya Handeni haijatajwa tena. Yule mtu wa Tanga hajafika, na Daktari haulizi.

Mchana nilikwenda chumba cha upasuaji kuchukua mkasi. Mkwe alikuwemo, anaosha chupa zake, mgongo umenielekea. Desturi inataka nitoke. Nilisimama. Beseni lilikuwa kwenye kigoda chake, mtu amelifuta kutu. Nikaliinamia nikaliambia, taratibu, limwambie mwenye chupa kwamba mama yake Roza anashukuru kwa kitambaa kile.

Maji yaliendelea kumwagika. Kisha akayafunga.

"Beseni," alisema, bado ameelekea ukutani, "mwambie mama kwamba Roza anatapika kila asubuhi."

Nikachukua mkasi nikatoka. Nimepika maharage, nimefua kanga moja aliyoisahau Zaina. Kitanda cha Roza nimekitandika upya, ingawa hakuna wa kukilalia leo.